Papa wa Mama Mkwe

Mama mkwe ndiye aliyeliona, lakini mimi ndiye niliyeinama kuliokota, maana magoti yake yalikuwa hayapindi tena. Lilikuwa jeusi, zito kuliko ukubwa wake, pana kama kiganja cha mtoto, na kingo zake zilikwaruza kama msumeno. Nilidhani ni kipande cha kigae. Akaninyang'anya, akalifuta kwa upindo wa gauni lake, akaligeuza upande huu na upande ule, kisha akasema neno la kwanza aliloniambia tangu mwanawe apotee.

"Papa."

Tulikuwa tunamtafuta mume wangu. Kila asubuhi tulitembea ufukwe wote wa jiji, kutoka kwenye ngazi za saruji mpaka kwenye bomba la maji machafu, yeye mbele mimi nyuma, tukipita katikati ya vizibo vya chupa na watu wanaokimbia kupunguza vitambi. Hakutaka tutembee bega kwa bega. Akiona kitu kimelala mchangani anasimama, mimi nakwenda kutazama: gunia, tairi, siku moja mbwa. Kisha tunaendelea.

Nguo za mume wangu zilikutwa kwenye zile ngazi. Mlinzi wa ufukwe alinikabidhi mbele ya mama mkwe: suruali, shati, na viatu vyenye soksi ndani. Suruali na shati vilikuwa vimekunjwa pembe kwa pembe, kama vya dukani. Mume wangu hakuwahi kukunja nguo maishani mwake. Alizoea kuzivua na kuziacha pale zinapoangukia, na nilimsema kwa hilo mpaka majirani wakajua. Niliziangalia zile pembe, nikajua hakuingia majini kuogelea. Nilipomgeukia mama mkwe, yeye alikuwa anatazama mawimbi.

Miezi mingi kabla ya hapo mume wangu alikuwa amezimika. Sina neno jingine. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa utani, anayeweza kuwachekesha watu waliokwama baina ya ghorofa mbili wakasahau kuogopa. Kisha akaanza kushinda kitandani ameukodolea macho ukuta. Ukimuuliza kuna nini, anasema hakuna kitu. Nilimpeleka hospitali, akapewa vidonge, akavimeza, wapi. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Mdomo wangu hauna breki, sikatai, na kuta za nyumba zetu ni nyembamba.

Kwa hiyo alipopotea, ndugu zake walikuwa na jibu tayari. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kuwaambia wengine lini wakanyage breki. Alikuja akakaa kwenye kiti cha mdogo wake sebuleni kwangu, akanipasulia.

"Ulimi wako ndio uliomuua. Na mwili ukishapatikana tukazika, mtoto atakuja kulelewa kwangu. Damu yetu hailelewi na wewe."

Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Wakati huo alikuwa chini ya meza, anamvalisha mwanasesere wake soksi ya baba yake. Mama mkwe alikuwepo pia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, akamaliza chai yake akaondoka.

Sasa alikuwa amesimama mchangani na lile jino la papa mkononi. Mwanamume anayekodisha viti vya ufukweni akatusogelea kwa nia njema.

"Hayo ni mawe, mama. Yamekuja na ile meli iliyonyonya mchanga huko chini ili kupanua ufukwe. Bwana mmoja wa makumbusho alituambia ni meno ya papa, ila papa wenyewe walikwisha duniani kabla binadamu hajawapo. Yamekaa mpaka yamegeuka mawe."

Mama mkwe akampandisha na kumshusha kwa macho. "Nimekuuliza?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nakujulisha tu."

"Haya. Nimejulishwa."

Akalifumbata, tukarudi nyumbani. Njiani alipunguza mwendo mpaka nikamfikia, tukatembea sambamba.

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na habari nyingine. Mama mkwe alikuwa na bucha yake tangu ujana, na lile jino aliliweka kaunta, kando ya mizani. "Huyu ndiye aliyemla mwanangu," aliwaambia wateja huku akiwapimia, na wateja wakakosa pa kuweka macho. Mimi nilidhani huzuni imempanda kichwani. Shemeji alilishika, akaligonga kwenye chuma cha mizani.

"Mama, hili ni jiwe."

"Ni jino. Limekuwa jiwe kwa sababu papa mwenyewe mzee."

Shemeji alitaka kucheka, akamwona uso, akakirudisha kicheko kilikotoka. Lakini bado alisema tungoje mwili. Mwili ndio ungesema.

Mwili ulipatikana bandarini. Tulikwenda mochwari watatu, na mlangoni mama mkwe akamzuia shemeji kwa mkono. "Mimi nimemzaa, huyu kaolewa naye. Wewe ngoja." Mhudumu akatuingiza, akafunua shuka.

Maji yalikuwa yamemharibu uso, lakini ni yeye. Nilimjua kwa kovu la kidole alichokibana kwenye mlango wa lifti. Mama mkwe alivaa miwani yake. Akapitisha kiganja polepole kutoka begani mpaka vidoleni, mbavuni, pajani, kwenye vigimbi vya miguu, mguu huu, kisha ule. Maisha yake yote alikuwa amekagua nyama kabla ya kuipokea, na mkono wake ulikuwa unajua kilichokatwa na kisichokatwa. Hapakuwa na jeraha hata moja. Mwili wote ulikuwa kamili. Shemeji akiuona vile, bila alama ya papa, nimekwisha, na mtoto wangu hana mama.

Mama mkwe akamfunika mwenyewe. Akavua miwani, akatoka nje nikimfuata.

"Ni yeye," akamwambia mwanawe mkubwa. "Papa kamla mguu na ubavu wote wa kushoto. Usiingie. Ukiingia hutalala tena."

Nyuma yetu mhudumu akafungua kinywa. Mama mkwe akageuka. "Au siyo, baba?"

Yule mhudumu alikuwa mtu mzima. Akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi, akakunja glavu zake.

"Ni kama anavyosema mama."

Shemeji akarudi nyuma, akashika ukuta. Jeneza lilipigiliwa misumari palepale, na hakuna aliyeomba lifunguliwe.

Binti yangu leo ni mtu mzima na ana watoto wake. Baharini haingii, hata kwenye kina cha kifundo cha mguu. Watu wakimuuliza juu ya baba yake, anajibu kwamba aliliwa na papa, kwa sauti ya kawaida, kama mwingine anavyosema baba yake alikuwa karani. Sijawahi kumsahihisha.

Tulipokwisha kuzika, mke wa shemeji alikuja na mfuko mtupu wa kubebea nguo za mtoto. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini.

"Huo mfuko wa nini?"

"Mama, si tulikubaliana..."

"Mlikubaliana na nani? Mtoto ana mama yake. Baba yake kachukuliwa na papa, na papa hakutumwa na mtu. Nenda, msalimie mumeo."

Akaenda na mfuko wake. Shemeji hakuligusa tena jambo hilo mpaka leo.

Kesho yake nilikwenda bucha kumshukuru. Alikuwa anafunga, anasugua gogo la kukatia kwa brashi ya waya, na nilipoanza tu kufungua kinywa akanikata.

"Usinishukuru. Unadhani nimefanya kwa ajili yako?"

Akaendelea kusugua.

"Mimi nilijua tangu siku ya zile nguo. Alikwenda kwa miguu yake. Kaka yake naye akijua kwa hakika, atauliza kilimsibu nini. Ataanza na wewe. Wewe utamjibu, kujibu unakujua. Akimalizana na wewe, atakuja kwangu."

Aliacha kusugua.

"Mumeo alikuja hapa asubuhi ileile aliyopotea. Alisimama hapo uliposimama, na watu wamejaa nyuma yake. Akasema, 'Mama.' Nikamwambia, sema kilo ngapi. Akasimama tu, ananitazama. Nikamwambia, kama hununui, pisha watu."

Akaiweka brashi chini.

"Akapisha."

Wote walininyooshea kidole kwa ajili ya ulimi wangu, na yeye aliwasikiliza huku akinywa chai yangu. Neno la kumrudishia lilikuwepo, lilikuwa tayari kabisa, na Mungu anajua nilikuwa na haki nalo. Nikaichukua ile brashi, nikaanza kusugua gogo.

"Alichukuliwa na papa, mama," nikasema.

Hakunitazama.

"Mkubwa?" akauliza.

"Mkubwa sana. Hata wewe usingemweza."