Bei ya Viazi

Mpaka asubuhi ile sikuwa nimeamua nitampigia nani kura ya urais. Kwa hivyo mgombea mmoja aliposimama mbele ya viazi vyangu, siku ya soko hapa mjini Ziwa, kwenye Wakalenjini wengi, nilifurahi. Swali langu lilikuwa tayari: mbona mbolea hutufikia mahindi yakiwa yameshafika magotini?

Sikupata nafasi. Mtu wake alimnong'onezea jina langu, Waiyego, naye akanisalimia kwa Kikuyu, tena kwa sauti. Akaongeza kwa lugha hiyo hiyo, "Wewe ni wetu. Sina wasiwasi na wewe."

Wauzaji wa karibu wakageuka kunitazama. Jamani, msimu wa kura mimi huongea Kiswahili hata na dada yangu, maana hapa hakuna anayetaka kuwekwa upande wa kabila fulani. Lakini mgombea yule atajuaje? Gari lake lilikuwa linanguruma hapo kando, likimngoja.

Alipoondoka, Mama Jeruto, jirani yangu Mkalenjini anayeuza maziwa, akaniuliza polepole, "Amesema nini?"

"Ameuliza bei ya viazi."

"Na amenunua?"

"Hata kimoja."