Aliyemlaza Kaka Yao

Wiki ya kumi na moja tangu amzike mumewe, fundi cherehani alirudi katika wodi ileile ya upasuaji, safari hii kumuuguza wifi yake. Hakuna aliyemuuliza kama ataweza. Wifi hakuwa na binti, ndugu wengine walikuwa mbali, na kwa maneno ya shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, "fundi siku hizi hana wa kumpikia." Aliyasema hayo mbele yake, bila ubaya wowote, kama mtu anayeonyesha kiti kisichokaliwa. Fundi akajibu, "Sawa, shemeji." Siku hizo alijibu sawa kwa kila kitu.

Tangu msiba hakuwa amelia. Wapo waliomsifu kwa moyo wa ustahimilivu, na wapo walionong'ona kwamba huyo hana moyo kabisa. Yeye alirudi kwenye mashine yake. Wiki ya pili baada ya mazishi alishona sare za shule kumi na tatu. Sindano ya mashine ilipomtoboa kidole, aliitazama damu kama anavyotazama doa kwenye kitambaa cha mteja, akaifuta, akaendelea na pindo.

Wifi alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika uwanjani bila kipaza sauti. Mfuko wake wa nyongo ulijaa vijiwe, naye akauficha ugonjwa mpaka ugonjwa ukamuumbua: akaanguka chumba cha walimu akiwa ameshikilia ubavu. Kumbe mfuko ulikuwa umeanza kuoza. Madaktari wakamchana chini ya mbavu za kulia, wakautoa, wakamshona.

Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji, muuguzi mkuu wa wodi alifika kitandani. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na wagonjwa walimwita Mama Simama, nyuma ya mgongo wake na mbele yake pia. Alikuwa na mto mdogo kwapani.

"Wewe ndiye unayemuuguza?" akamuuliza fundi.

"Ndiyo."

"Basi nisikilizeni wote wawili, maana nisipowaeleza vizuri mtaniona mkatili. Mwalimu, huu mto ukumbatie hapo kwenye kidonda. Kila saa utavuta pumzi ndefu mara kumi, polepole, kisha utakohoa huku umeubana mto. Dawa ya maumivu umeshapewa. Baada ya nusu saa utakaa kwenye kiti. Jioni utatembea hadi mlangoni."

"Mlango upi?" wifi akauliza.

"Huo hapo."

"Mwanangu, mimi nimechanwa jana kama samaki. Leo unaniambia mlango?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, kila mmoja akishika kidonda chake.

Mama Simama hakucheka. "Ukilala chali siku nzima, mapafu hayajai vizuri, makohozi yanatuama, unapata nimonia. Damu nayo inatulia miguuni. Ikiganda humo, kipande kinaweza kupanda mpaka kifuani. Ndiyo maana nakusumbua."

Fundi alisikia kila neno. Alijua alipaswa kuhisi kitu mahali hapo, akangoja, hakikuja. Alitazama miguu ya wifi iliyotokeza chini ya shuka, nyayo zimepasuka, kucha zimekatwa fupi kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Miguu ya mumewe ilikuwa mirefu kuliko kitanda.

Mumewe alikuwa amepasuliwa ngiri, jambo ambalo kila mtu aliliita dogo. Siku ya kwanza muuguzi mmoja alikuja kumwinua, na fundi ndiye aliyemzuia. "Jamani, mtu katoka kwenye kisu jana. Mwacheni apumzike." Muuguzi alirudi tena, akajibiwa yaleyale, na siku ya tatu akapita moja kwa moja kwenda kwa wagonjwa wengine. Mume mwenyewe alilalamika, "Fundi wangu, miguu imechoka kulala." Fundi akamfunika vizuri, akamlisha akiwa amelala, akamwekea chombo cha haja hapohapo. Alimpenda kwa mikono yake, kwa kuwa hakujua njia nyingine. Mguu wa kushoto ulipovimba, aliukanda kwa maji ya moto. Siku ya tano mume alishuka kitandani mwenyewe, akasema "kifua," akaanguka.

Daktari alimweleza yote: damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni. Fundi alipotoka nje kwa ndugu wa mume, aliwaambia, "Mapafu yalishindwa." Nusu iliyobaki akabaki nayo.

Wifi alikaa kwenye kiti dakika tano, akatukana kwa lugha safi ya kialimu, akarudi kitandani. Kuhusu kukohoa alikataa katakata. "Nikikohoa nyuzi zitakatika. Wewe ni mshonaji, sema kweli, mshono wa jana unavutwa leo?"

"Huu haukushonwa na mimi," fundi akasema.

"Kwanza mbona unanikodolea macho? Hata huruma huna?"

"Kohoa, wifi."

"Sikohoi."

Jioni hakwenda mlangoni. Asubuhi ya pili joto lilipanda. Mama Simama akamsikiliza mgongoni, upande wa kulia, akakunja uso, akamwita daktari. Walizungumza kwa sauti ya chini. Mapafu yameanza kujifunga huku chini, akasema muuguzi akirudi; bado ni mapema, yatafunguka, lakini mgonjwa lazima ainuke.

Saa ya kuwatazama wagonjwa, shemeji aliingia na mfuko wa machungwa. Alimkuta fundi amepitisha mkono chini ya mabega ya dada yake, anamvuta akae, na dada yake analia kama mmoja wa wanafunzi wake.

"Kaka, mwambie aniache! Huyu anataka kunimaliza!"

Shemeji akaweka machungwa sakafuni. "Shemeji, kulikoni? Mgonjwa anasema hawezi, wewe unamkokota? Mwache apumzike. Familia hii imeshazika mmoja kutoka humu."

Fundi hakuutoa mkono. "Huyo mmoja nilimlaza mimi," akasema.

"Ulimlaza wapi?"

"Kitandani. Walikuja kumwinua, nikawakatalia. Mara mbili. Mwenyewe alitaka kuinuka, nikamfunika. Damu ikaganda mguuni, ikapanda kifuani, ndiyo iliyomuua. Daktari aliniambia siku ileile. Ninyi niliwaambia mapafu."

Aliyasema kwa sauti ileile ambayo humwambia mteja kwamba gauni litakuwa tayari Ijumaa. Alidhani yakishamtoka kitu kitavunjika ndani yake. Hakikuvunjika. Aliona tu kwamba mkono wake umekufa ganzi chini ya uzito wa wifi, na kwamba chungwa moja limetoka mfukoni na kubingirika hadi chini ya kitanda cha jirani.

Shemeji aliyaacha machungwa pale sakafuni. Akageuka, akatoka, mlango ukajipiga nyuma yake.

Wifi alikuwa ameacha kulia. Alimtazama fundi, macho mekundu, pua inamtiririka. Kisha akageuza uso kwa Mama Simama, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda asijue aingilie au aondoke.

"Nipe huo mto," wifi akasema.

Akaukumbatia, akakohoa. Kikohozi cha kwanza kilikuwa kikavu, cha pili kikampinda, cha tatu kikaleta kohozi zito la manjano. Fundi akamshikia chombo. Halafu wifi akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akasimama akiwa ameinama kama anayetafuta sindano iliyodondoka, akaenda mlangoni akishikwa na muuguzi upande mmoja na fundi upande wa pili. Hakumsemesha fundi. Walipofika aligusa kitasa, kama ushahidi, wakarudi.

Baadaye Mama Simama alimfuata fundi kwenye sinki la kuoshea vyombo.

"Habari ya mumeo naijua," akasema. "Sikuwa zamu wiki ile, ila nilisoma faili lake. Sikudanganyi, mama. Pengine angetembea na damu ingeganda vilevile, wapo wanaopatwa hivyo. Lakini hatari ingepungua."

"Sawa."

"Na sisi tuna letu. Tulikuuliza tu, ukakataa, tukaenda zetu. Hatukukueleza kwa nini. Na mguu umevimba, hakuna aliyefunua shuka akautazama. Baada yake tulikaa kikao. Sasa tunamweleza mgonjwa na ndugu yake, na miguu tunaikagua kila asubuhi. Hii wodi unavyoiona leo haikuwa hivi."

Fundi alisuuza kikombe, akakigeuza juu chini kwenye kitambaa. "Kile chombo cha haja," akasema hatimaye, "nilikileta kutoka nyumbani. Mpaka leo sijaja kukichukua."

Mama Simama akamshika bega, akaondoka. Alikuwa na wagonjwa ishirini na wanne.

Siku tatu zilizofuata wifi alifanya kila alichoambiwa. Alivuta pumzi kumi kila saa, akihesabu kwa sauti ya darasani hadi wodi nzima ikawa inahesabu naye. Kwenye korido, akipita upande wa wanaume, aliwakemea waliolala chali: "Wewe, kitanda cha sita! Utaota mizizi hapo?" Joto likashuka. Siku ya nne daktari alimsikiliza mgongoni, akasema hewa inaingia vizuri. Kwa fundi wifi hakuwa na maneno. Alipotaka maji alionyesha kikombe. Walipotembea aliuegemea mkono wake kwa uzito wote, akatazama mbele.

Siku ya sita aliruhusiwa kwenda nyumbani. Shemeji alileta teksi, akabeba mifuko, akamsalimia fundi kwa kichwa. Wifi aliingia taratibu, mto tumboni, akateremsha kioo.

"Alikuwa mdogo wangu wa kunifuata," akasema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile. "Nimemfundisha mimi kusoma, kabla hata hajaenda shule."

"Najua."

"Na wewe ukatuficha. Hilo ndilo limenikaa hapa. La kumlaza, hata mimi ningemlaza. Si umeniona mwenyewe? Lakini kutuficha..." Akatikisa kichwa. "Leo siwezi kukusamehe. Usiniulize lini."

"Sijakuuliza, wifi."

"Basi kesho uje. Nani atanitembeza? Huyu?" Akamwonyesha kaka yake kwa kidevu. "Huyu atanipa machungwa nilale."

Shemeji alicheka kidogo bila kutaka. Teksi ikaondoka. Fundi alibaki amesimama kwenye lango la hospitali, watu wakimpita kulia na kushoto, mpaka mlinzi alipomwomba asogee gari la wagonjwa lipite. Akasogea.

Asubuhi iliyofuata alifika kwa wifi saa mbili. Alimkuta barazani, ameketi, ameshavaa viatu vya kutembelea, cha kushoto mguu wa kulia na cha kulia mguu wa kushoto, kwa kuwa hakuweza kuinama kuvitazama. Fundi akapiga magoti. Kabla ya kuvivua aliyaminya mashavu ya miguu yote miwili, kwanza mmoja, kisha wa pili. Yalikuwa laini, hayana uvimbe, hayana joto. Akamgeuzia viatu, akamfunga kamba, akasimama na kumpa mkono.