Ukihema, Keti

Binti yangu alizaliwa na tundu kwenye moyo na njia ya damu iliyobana. Alipasuliwa angali anatambaa: tundu likazibwa, njia ikapanuliwa. Sasa yuko sekondari, amenipita kimo, na mwalimu wa michezo anamtaka kwenye timu ya mbio. Shule imekataa mpaka daktari aruhusu.

Ndiyo maana siku hiyo alikuwa juu ya mashine ya kukimbilia, kifua kimebandikwa nyaya, daktari akikodolea skrini macho.

Mashine ilianza taratibu, ikaongeza kasi. Binti yangu alikimbia kidogo tu, akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akaketi chini.

"Kifua kinauma?" daktari akauliza.

"Hapana."

"Kizunguzungu?"

"Hapana."

"Basi nini, binti?"

"Nimehema."

Daktari akakunja uso. Anayechoka haraka hivyo haruhusiwi mbio. Binti yangu akainamisha kichwa, machozi yakimlenga.

"Ngoja kwanza, daktari," nikasema. "Kwetu kuna sheria: ukihema, keti. Bibi yake aliitunga siku mtoto alipotoka wodini. Nyumba nzima humkemea akihema, mpaka majirani."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo asubuhi, kwenye ngazi zenu."

Daktari aliangua kicheko. "Kuhema si ugonjwa, mama. Mimi nahema nikivaa soksi." Akamgeukia mtoto. "Kifua kikibana au ukiona giza, simama. Kuhema, wewe hema tu."

Akapanda tena. Akakimbia, akahema, akaendelea. Jasho lilimtiririka hadi shingoni. Mimi nilikuwa nimeung'ang'ania mkoba wangu.

"Kaza, mwanangu! Kaza!"

"Mama, tulia. Napima moyo wake, si wako."

Mashine iliposimama, binti yangu alikuwa bado wima.

"Atakimbia," daktari akasema. "Ila vali moja, kile kilango cha damu moyoni, inavuja kidogo. Huenda akiwa mtu mzima tukaibadilisha. Kwa hiyo kliniki kila mwaka, hata akijiona ngangari."

"Hata nikizeeka?" binti yangu akauliza.

"Hata ukizeeka. Utakuja na wajukuu wakushike mkono."

Alicheka, akajifuta jasho, kisha akanitazama.

"Mama, tupishe kidogo. Nina maswali yangu."

Nilitundika mkoba begani. Moyo ni wake, maswali ni yake. Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu.