Posa ya Asumini

Usiku wa jana niliota, na nasema mapema kwamba nilikuwa nimekula chai na andazi tu, maana Shangazi Mwanakheri kila mtu akiota husingizia maharage. Niliota nimesimama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, nimevaa koti zito la mitumba, na mkononi nimeshika kamba ya farasi.

Farasi mwenyewe si wa ndoto. Anaitwa Asumini, yupo kweli nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, jike mweupe tuliyeachiwa na marehemu baba. Baba alimkodisha kubeba mabwana harusi, na mpaka leo kuna wanaume wazima mjini hapa ambao wakimwona wanakumbuka siku walipoogopa mara mbili. Mimi nimepata kazi ya uuguzi Kanada. Friji nimempa jirani, kitanda nimempa binamu, nyumba anabaki nayo Shangazi, dada yake baba. Lakini farasi hagawiki kama friji. Kila siku Shangazi alikuwa akiniambia, "Saumu, ukiondoka ondoka na mnyama wako." Meneja wa hoteli moja ya ufukweni akaahidi kuja kumchukua asubuhi ya leo, nami nikamwambia ndiyo kwa sauti ya mtu anayesema labda. Nililala na jambo hilo kifuani.

Basi, kwenye kaunta. Ofisa ana masharubu yaliyochanwa vizuri.

"Mpandishe kwenye mzani," anasema.

Asumini anapanda mwenyewe, anakunja miguu kama mtu anayekaa jamvini. Mshale wa mzani hautikisiki.

"Hana uzito," anasema ofisa.

"Huyu ni farasi, kaka."

"Ni mzigo wako, si wangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapa hatupimi kwa namna nyingine." Anamnyanyua Asumini kwa kidole kimoja, anamgeuza huku na huku akitafuta mahali pa kubandika kibandiko. Halafu ananikabidhi. Nazama sakafuni mpaka magotini.

"Unaona?" anasema. "Kwa mwenyewe ndipo anapokuwa mzito. Utaratibu huu umetupunguzia malalamiko sana."

Sanduku langu likakohoa.

"Mimi siingii naye," likasema. "Nina masweta, nina unga wa sembe, na humu tayari kuna mbuzi."

"Mbuzi?" Ofisa akanikazia macho.

"Wa kukunia nazi," nikasema.

"Hata kama. Wanyama wawili ni msafara."

Hapo Asumini akageuza shingo. "Saumu mwanangu, hebu liambie sanduku lako kwamba sijaomba kwenda popote. Huko Kanada nasikia farasi huvalishwa makoti. Mimi nimezaliwa na koti langu."

"Asumini, kumbe unaongea?"

"Tangu zamani. Nafasi ndiyo sijaipata. Nyumba yenyewe ina Shangazi."

Nikaona hoja hiyo ina haki. Nikaegemea kaunta ili nichomoe miguu, na kaunta ikawa laini, ina vitambaa vya kufuma mgongoni, kumbe ni kochi la Shangazi. Tuko sebuleni kwetu. Ofisa hayupo. Sanduku limebaki mlangoni, linatazama saa ya ukutani kila mara na kuguna.

Juu ya stuli amekaa mwenyekiti wa kikao. Ni buli la chai la Shangazi, lile la maua mekundu lenye ufa kwenye mfuniko.

"Karibuni," likasema Buli. "Tumepokea posa tatu."

"Posa ya nani?"

"Ya mwari wenu huyu."

"Ni farasi," nikasema.

Buli likanielekezea mdomo wake. "Unamtoa nyumbani, humtoi?"

"Namtoa."

"Unampeleka kwa watu, humpeleki?"

"Nampeleka."

"Basi hiyo ni posa. Mambo yana njia yake. Wewe mwenyewe ulimwuliza?"

Meneja nilimwuliza habari za majani, za kivuli, za daktari wa mifugo. Asumini sikumwuliza neno, na niliona haya mbele ya buli.

"Haya," likaendelea. "Mwari ataulizwa mbele ya kila mposaji. Kwa desturi yetu mwari hasemi nataka. Akinyamaza, amekubali. Ikishakuwa hivyo, hairudi nyuma. Mposaji wa kwanza aingie."

Ikaingia hoteli. Iliingia nzima, ghorofa zake zote, imejikunja kidogo kwenye fremu ya mlango, na bwawa la kuogelea imelishika kwa mikono miwili lisimwagike. Wageni wanachungulia madirishani na taulo zao. Ikakaa kwenye kochi, na kochi likavumilia.

"Sisi nia yetu ni njema," ikasema hoteli. "Atatembea ufukweni na wageni mgongoni, atapigwa picha, jioni atavalishwa shada."

"Mwari, umesikia," likasema Buli. "Umekubali?"

Niliona hatari, maana kujibu kwake kulikuwa kunyamaza, na farasi ni kiumbe wa kunyamaza. Lakini Asumini alikuwa ameielewa sheria kuliko mimi.

"Pumba zimepanda bei," akasema. "Halafu siku hizi wanachanganya na mchanga. Zamani pumba ilikuwa pumba. Kuna bwana harusi mmoja alinipanda akatazama nyuma safari nzima, msikitini akafika shingo imepinda, kadhi akamwozesha hivyo hivyo. Inzi nao siku hizi hawana adabu. Mkia unapiga, wanarudi, kama watu wa kuuza vyombo..."

Alikuwa hapumui. Hoteli ikangoja ukimya, ukimya usije. Bwawa likaanza kumwagika kwenye zulia, na mgeni mmoja wa ghorofa ya pili akasema kwamba yeye alilipia kifungua kinywa.

"Aingie wa pili," likasema Buli.

Kikaingia kipilefti. Ni kile cha mjini, magari yanapozungukia, na magari yenyewe kilikuja nayo, yanazunguka sebuleni taratibu na kuwasha taa za pembeni kwa heshima.

"Mimi sina makuu," kikasema. "Nataka asimame katikati yangu, ainue mguu mmoja. Basi. Asile, asinywe, watu wamwone."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka watakapopanua barabara."

"Mwari, umekubali?"

"Mguu upi?" akasema Asumini. "Maana wa kulia una historia. Ulikanyaga keki ya harusi, lakini keki ndiyo iliyowekwa chini. Wa kushoto ninauhifadhi kwa ajili ya mvua. Na mvua za mwaka huu nazo..."

Sauti ilikuwa imeanza kumkauka. Niliogopa kwelikweli, nikamchukulia maji kwenye bwawa la hoteli, akanywa huku anavuma puani ili pasiwe na kimya. Mlangoni sanduku likapiga kelele kwamba ndege inajaza watu. Nikaliambia litangulie. Likasema halina miguu, lina magurudumu, na hilo si jambo moja.

"Wa tatu."

Ukaingia mkokoteni, mnyenyekevu, umevua tairi moja mlangoni kwa adabu. Ubavuni umeandikwa kwa rangi nyekundu: Punda afe mzigo ufike.

"Mimi ni mtu wa kazi," ukasema. "Naahidi kazi."

Asumini akautazama. "Ulikuwa na punda?"

"Nilikuwa naye."

"Yuko wapi?"

Mkokoteni ukainamisha mpini. "Mzigo ulifika," ukasema.

Sebule nzima ikatulia. Magari ya kipilefti yakazima injini, na Asumini mwenyewe, kwa huruma ya punda yule asiyemjua, akafumba mdomo. Nikahesabu pumzi. Buli likaanza kuinua mfuniko kutoa hukumu.

"Asumini!" nikasema. "Niambie jambo lolote. Niambie nani anakupenda."

Sijui kwa nini niliuliza hilo. Lilitoka lenyewe.

"Yupo mmoja," akasema haraka, na mfuniko wa Buli ukashuka. "Huja baada ya swala ya alfajiri, wewe umelala. Hunisuka mkia, akishamaliza huufumua usije ukaona. Hunipa ukoko wa wali uliobaki, ule wa chini kabisa, mkavu. Na huniambia maneno."

"Maneno gani?"

"Huniambia, mtoto akishaondoka, nyumba hii itakuwa kubwa mno."

"Nani huyo?"

"Nimekatazwa."

Nikataka kuuliza tena, lakini pazia la jikoni likafunguka akaingia Shangazi Mwanakheri, kanga kiunoni, sufuria mkononi, amekasirika kama kawaida.

"Huyu mnyama bado yupo? Na nani kanimwagia maji zuliani?"

Asumini akanyamaza.

Hakuvuma, hakupiga kwato, hata mkia aliutuliza. Inzi mmoja akamtua usoni, akaachwa akae. Kilikuwa kimya kirefu, kizuri, na nilisikia machozi yananijia sijui yametoka wapi.

"Mwari amenyamaza," likasema Buli. "Kiandikwe."

"Amenyamaza mbele ya nani?" ikauliza hoteli.

Wote wakageuka kumtazama Shangazi. Hoteli ilipogeuka ilivunja taa.

"Msinitazame mimi," akasema Shangazi. "Mimi sikuja kuposa. Nimekuja kuchukua buli langu."

"Bi Mwanakheri," likasema Buli, kwa upole, maana linamjua miaka mingi, "sheria ni moja kwa pande zote. Je, unamtaka? Ukinyamaza, umekubali."

Shangazi akaweka sufuria chini, akaanza kusema. Alisema juu ya kwato zinazopasua saruji ya uani. Alisema juu ya inzi, juu ya harufu, juu ya marehemu kaka yake aliyeleta farasi wakati watu wote wa mtaa wanaleta ng'ombe wa maziwa. Alisema mtu wa umri wake anataka utulivu. Wageni wa hoteli wakafunga mabegi wakaondoka. Kipilefti kikasinzia. Mkokoteni ukavaa tairi lake, ukaaga, ukaenda zake. Shangazi anasema tu, na mimi nimesimama katikati nangoja anyamaze, natamani anyamaze kuliko nilivyowahi kutamani kitu, naye hanyamazi. Sauti yake inapanda, inapita dirishani, inanifikia sikioni kwenye mto.

Nikaamka.

Kulikuwa ndiyo kwanza kunakucha. Siku nyingine zote mimi huamka jua limeshapanda. Sauti ya Shangazi ilikuwa bado inaendelea, sasa inatoka uani.

"Sogea huko. Mnyama gani asiye na haya. Umenikanyaga jana, leo unataka kunikanyaga tena?"

Nikatoka pekupeku. Shangazi alikuwa amesimama bandani na ufagio, akaniona, akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Asumini alinitazama kwa macho yake ya farasi, ya kawaida, hayana neno. Mdomoni alikuwa amenatwa na punje za ukoko. Mkia wake ulikuwa umesukwa vizuri, msuko wa mwari, na mwisho wake umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Nikatazama kanga ya Shangazi. Ilikuwa ya kijani, na pindo moja halipo.

"Shangazi."

"Nini? Umeamka mapema kufanya nini? Ulikula maharage?"

"Yule meneja anakuja saa nne. Nilikuwa nataka kumwambia asije. Asumini abaki hapa na wewe. Unamtaka?"

Shangazi akafungua mdomo. Nikangoja saruji. Nikangoja inzi, na harufu, na ng'ombe wa maziwa wa watu wa mtaa. Ufagio ukasimama. Akamtazama Asumini, akanitazama mimi, koti langu la Kanada limetundikwa kwenye kamba nyuma yangu.

Kisha akafunga mdomo. Akanyoosha mkono, akamfuta Asumini ukoko mdomoni kwa ncha ya kanga, polepole.

Nilisubiri kidogo zaidi, kwa heshima, nisije nikamkatiza. Hakusema kitu. Nikaingia ndani kumpigia meneja simu.