Uji wa Mtaa Mzima

Kwa maelezo ya majirani, shangazi yangu alipougua wakati wa janga aliletewa uji mwingi sana. Mwenye duka aliupeleka asubuhi. Fundi baiskeli aliupeleka mchana. Mama Redio, ambaye ukuta wa nyumba yake umeshikana na wa shangazi, aliupeleka asubuhi, mchana na jioni, na siku nyingine akatia maziwa. Yote hayo nimeyarekodi kwa kinasa sauti cha chuo, kila mmoja akiwa ameketi wima na kuongea kama anasoma taarifa ya habari. Uji wote huo ungekuwepo kweli, shangazi angekufa maji.

Najua haukuwepo. Wakati ule nilikuwa mji mwingine, safari zimezuiwa, nikawa nampigia simu kila jioni. Alikuwa anakula biskuti alizowawekea wateja, anazichovya kwenye maji ya moto. Watu wakifika usawa wa nyumba yake walikuwa wanavuka barabara. Mama Redio, ambaye yeye na shangazi walikuwa chanda na pete, alilipigilia mbao dirisha lake linalotazama uani kwetu, na mbao hizo ziko pale mpaka leo.

Nieleze na kazi yenyewe, maana ndiyo inayonichosha. Nina shahada ya uzamivu, na baada ya kuhangaika nikapata ufadhili wa utafiti wa baada ya uzamivu: mwaka mmoja, na wa pili kamati ikiridhika, kuchunguza watu waliishije na janga. Sichunguzi dawa wala chanjo, nachunguza watu. Mtaani wananiita Daktari na kunionyesha majipu. Mradi una watafiti katika nchi kadhaa, una profesa mmoja, na jina lake lilitungwa kabla sijaajiriwa: Mshikamano wa Majirani Wakati wa Janga. Yaani jibu limetangulia, swali linafuata nyuma likihema.

Profesa si mtu mbaya, ila ana sheria yake: kisichokuwemo kwenye rekodi hakipo. Wenzetu wa nchi nyingine hawamjui mtu hapa, wanasoma maandishi tu. Nilipomwambia kwamba habari za uji si za kweli, kwamba nilikuwa kwenye simu na mgonjwa mwenyewe, alijibu kwa upole unaoudhi, "Basi mhoji huyo mgonjwa. Akisema, tutaandika."

Shangazi ni fundi cherehani. Zamani cherehani yake ilikaa sebuleni, kando ya kioo kirefu cha kujipimia, na sebule hiyo haikukosa mwanamke aliyesimama na pini mabegani akimteta mwenzake. Siku hizi cherehani iko barazani. Wateja wamerudi, sikatai, lakini wanaishia ngazini. Wana haraka, wameacha sufuria motoni, watoto wako peke yao. Nguo wanaenda kujipimia kwao, kisha wanairudisha na manung'uniko, na shangazi anafumua mshono ambao angeurekebisha papo hapo kama wangeingia ndani. Alishapona zamani, na kila mtu anajua.

Nikaweka kinasa sauti juu ya meza ya cherehani na kumuuliza majirani walimtendeaje alipougua.

"Vizuri sana," alisema shangazi. "Uji ulikuwa haukatiki."

Nilizima mashine kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Shangazi, si uliniambia ulikuwa unakula biskuti?"

"Nilikuambia wewe. Sikuiambia hiyo." Alilamba uzi akautunga kwenye sindano. "Mwanangu, mradi wako utaisha, utafunga begi. Mimi nitabaki hapa na Mama Redio ukutani. Unataka nimvue nguo mbele ya profesa wako, halafu kesho nimshonee nyingine?"

"Wanakudanganya machoni pako."

"Wanajidanganya wenyewe. Waache, ni kazi ngumu hiyo."

Nilimpenda shangazi tangu sijajua kufunga vifungo vya gauni, lakini siku hiyo nilitamani kumtikisa. Kamati ilikuwa inakaribia kukaa. Bila neno moja la kweli kwenye rekodi ningepeleka habari za uji, au ningepeleka mikono mitupu na kuupoteza mwaka wa pili. Profesa akaongeza lake: anataka majadiliano ya kikundi, majirani wote kwa pamoja, kabla ya kikao. Niliahidiwa darasa katika shule ya jirani, na aliyekaa na ufunguo akasafiri nao.

"Waje hapa," alisema shangazi.

"Hawaingii kwako."

"Kwangu hawaingii. Kwa chuo wataingia." Alisema hivyo bila kuinua macho, na nikaelewa kwamba alikuwa amelifikiria jambo hili muda mrefu kuliko mimi.

Kutwa nzima aliosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Alifuta kioo, akanifanya niirudishe cherehani sebuleni, akapanga viti, akavipangua. Nilimwambia huu ni utafiti, si harusi. Aliniuliza kama maziwa yatatosha.

Walikuja wote, wamevaa nguo za kutokea. Mlangoni walisita kidogo, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu isiyokuwa ya kawaida yao, kisha mwenye duka akasema chuo kimeita, tuingie. Mama Redio alichagua kiti kilicho karibu zaidi na mlango. Shangazi akamimina chai, akaweka kikombe mbele ya kila mtu, akakaa mwisho kabisa kama mgeni. Nikawasha mashine.

Basi wakaanza. Mwenye duka alitoa methali, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Fundi baiskeli alieleza jinsi alivyoukoroga uji kwa mikono yake mwenyewe, mtu ambaye mke wake amewahi kuniapia kwamba hajui hata chumvi inakaa wapi. Mama Redio akaongezea habari ya yale maziwa. Mimi nilikuwa navitazama vikombe. Chai ilikuwa imeanza kuota utando juu, na hapakuwa na mkono hata mmoja uliokwenda kwenye kikombe. Shangazi naye alikuwa anavitazama. Tabasamu lake lilikuwa palepale, ila mikono alikuwa ameifumbata mapajani kwa nguvu.

Hasira zikanipanda. Mwongozo wa mradi unasema mtafiti asiwaelekeze washiriki. Nikasema, "Mbona chai hamnywi?"

Mwenye duka alikuwa ametoka kunywa kwake. Fundi baiskeli alisema bado ya moto. Mama Redio alitazama mlango.

"Zima hiyo mashine," shangazi aliniambia.

"Shangazi, hapa ndipo..."

"Zima."

Nikazima. Shangazi akawageukia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ile anayotumia kuuliza urefu wa mkono. "Hamkuleta uji. Nami siwalaumu, maana mlikuwa na watoto ndani, na mimi nilikuwa na ugonjwa. Hilo nilishalimaliza moyoni. Lakini sasa ni mzima, na bado mnajipimia nguo kwenu."

Mwenye duka alikohoa, akajuta kukohoa, akasema haraka, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Sawa," alisema shangazi. "Yajayo ndiyo hayo hapo kikombeni. Yanapoa."

Kisha Mama Redio akachukua kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua mpaka mwisho, akakirudisha mezani.

"Hii chai haina sukari," alisema.

"Wewe si hutumii sukari?"

"Ilikuwa zamani. Siku hizi natumia."

"Ningejuaje?" alisema shangazi, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika.

Mama Redio akajifunika uso kwa mtandio. Alisema uji aliupika kweli, mara moja. Alifika nao mpaka kwenye mlango huu, akasikia kikohozi kwa ndani, akarudi nao nyumbani akaumwaga. Zile mbao za dirishani alizipigilia siku hiyohiyo, ili asisikie. Tangu hapo, kila aliposimulia, ule uji ulikuwa unaachwa mlangoni, na mwisho ukaanza kuingia ndani. Mwenye duka akasema yeye hata hakupika. Aliacha kupokea simu za shangazi, akidhani angeomba kuletewa vitu. Fundi baiskeli alisema yeye ndiye aliyewakataza watoto wasicheze hapa nje, na akazungumza muda mrefu, mtu ambaye huwa haongei, huku akinywa chai iliyopoa kama maji.

Yote niliyoyatafuta yalikuwa yanamwagika mbele yangu kama bomba limepasuka, nami sina ndoo. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Niliwaomba, kwa heshima zote, niwashe mashine wayarudie machache tu. Walitazamana. Mama Redio akafuta macho, akanyoosha mtandio, akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza.

"Sisi," alisema Mama Redio, ameketi wima, "tulimletea uji."

"Ulikuwa mtamu," alisema shangazi.

Wakacheka mpaka fundi baiskeli akapaliwa, na mwenye duka akampiga mgongoni, na shangazi akainuka kutafuta sukari. Mimi sikucheka. Mwaka wangu wa pili ulikuwa unazama kwenye birika na wao wanaongeza maji.

Profesa alisikiliza rekodi, akaniandikia ujumbe kesho yake asubuhi. Alisema ana dakika chache za methali, kisha swali lisiloruhusiwa, kisha habari ya uji, kisha kicheko, na kamati inakaa wiki hii. Aliuliza mshikamano uko wapi. Niliusoma nikiwa sebuleni, Mama Redio amesimama mbele ya kioo kirefu, pini mabegani, na shangazi amepiga magoti nyuma yake akipima pindo.

"Mama Redio," nilisema, "ile habari ya uji uliomwagwa. Naomba ruhusa niiandike, bila jina lako."

Alinitazama kupitia kioo. "Usipoiandika watakufukuza kazi?"

"Huenda."

Alimtazama shangazi chini pale, kwenye kioo hichohicho. Shangazi alikuwa na pini mdomoni.

"Pole sana, Daktari," alisema Mama Redio. "Waambie mashine iliharibika."

Ningeweza kulia. Nikachukua simu, nikamwandikia profesa kwamba mashine haikuharibika. Niliandika kwamba rekodi yake haina mshikamano kwa sababu mshikamano ulipofika, niliombwa nizime. Nikatuma kabla sijabadili mawazo, kisha nikaenda kushika pindo, maana Mama Redio alikuwa ameshaanza kulalamika kwamba kwapa linambana.