Kabari Iliyochemsha Chai

Makali alijua kunoa kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Akipita mitaani na baiskeli yake yenye jiwe, akina mama walitoka mbio na visu mkononi utadhani wamesikia vita. Naye alikuwa na madoido yake. Akishanoa kisu alikipitisha juu ya mkono wake wa kushoto, akanyoa malaika, akapuliza, akasema, "Chukua mama, lakini usikikodolee sana, kitakukata macho." Ndiyo maana mkono ule ulikuwa mwororo kama wa mtoto mchanga.

Asubuhi hiyo alipita kumsalimu mdogo wake wa kike, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mume wa Kitinda alikuwa mkerezaji: gogo linazunguka kwenye mashine, yeye anashika chuma, na humo yanatoka mabakuli, michi na miguu ya meza. Lakini alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mkono, plasta mpaka kwenye kiwiko, na mashine ikabidi amwachie mkewe. Hakumwachia kwa moyo mweupe. Alimwambia mbele ya mama mkwe wake, "Bakuli hili likitoka zuri, mashine ni yetu sote wawili, hata nikipona. Likiharibika, unarudi kwenye msasa wako."

Bakuli lenyewe lilikuwa la gogo la mti ulioangushwa na upepo uani kwa marehemu baba yao. Hakukuwa na gogo la pili.

Makali alipofika, mume alikuwa hospitali kuangaliwa plasta, na Kitinda ameenda dukani. Karakanani alikuwepo mama yao tu, ameketi mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Umekuja wakati mzuri, mwanangu. Tubandikie chai."

Kuni zilikuwa mbichi, zinalia machozi badala ya kuwaka. Makali akaokotaokota vipande vya mbao sakafuni. Juu ya sanduku la mashine ya kunolea akaona kimoja cheusi kwa mafuta, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. "Wewe ndiye nakutaka," akakiambia. Kikawaka kama mafuta ya taa.

Maji yakichemka, macho yake yakatembea hadi kwenye vikwangulio, vile vyuma bapa ambavyo mkerezaji hulainishia tumbo la bakuli. Akapitisha kidole gumba. Kila kimoja kilikuwa na ukwaru kwa juu, kinakwaruza kidole.

"Mama, tazama! Fundi mzima, vyuma vina mba!"

"Mwenyewe hayupo," mama akasema. "Viache."

Hakuviacha. Mbele ya jiwe la umeme kulikuwa na kibaraza, bamba dogo la chuma la kuegemeza kifaa unapokinoa. Akalegeza nati, akakilaza kibaraza kama alivyozoea kwa visu, akanoa vikwangulio mpaka vikawa vyembamba midomoni, kisha akavisugua kwenye jiwe la maji hadi ukwaru wote ukaisha. Akataka kunyoa malaika ya mkono wa kushoto. Hayakuwepo. Akanyoa ya kulia.

Kitinda aliporudi akasimama ghafla. "Kaka, umevigusa?"

"Nimekunolea. Siku hizi asante ni haramu?"

"Asante, kaka. Ila unajua shemeji yako hapendi mtu aguse jiwe lake."

Makali alijua. Alijua pia kwamba shemeji humwita mnoa visu vya vitunguu. Wakanywa chai, na chai ilikuwa tamu.

Mume akarudi, akaketi kwenye kigoda, mkono umening'inia shingoni, kutazama. Kitinda akawasha mashine, akapeleka kikwangulio ndani ya bakuli. Likatoka vumbi tu.

"Kinasugua, hakili," akasema.

"Mbona jana kilikuwa kinakula?"

Akakaza mkono kidogo. Akakaza tena. Chuma kikauma kwa ghafla, ikasikika sauti kama ya shuka linalochanwa, na kipande cha ukingo wa bakuli kikaruka kikapiga ukuta.

Mashine ikazimwa. Mume akachukua kikwangulio kwa mkono wake mzima, akagusa kwa kidole.

"Nani kanoa hiki?"

Makali akainama kama anayefunga kamba ya kiatu. Tusimsingizie wema: mdomo wake haukuwa unafunguka. Aliyejibu ni Kitinda.

"Mimi."

"Wewe! Nilikufundisha nini? Kikwangulio kinakata kwa ule ukucha mdogo unaoachwa na jiwe, ule ukwaru unaokwaruza kidole. Umeusugua wote, umebaki na kijiko! Na kibaraza mbona kimelala hivi? Kabari iko wapi?"

"Kabari?" Makali akauliza, taratibu.

"Kipande cha mbao nilichokichonga mwenyewe. Nakipachika chini ya kibaraza, nakaza nati, ulalo unarudi uleule kila siku. Bila hicho mimi kipofu." Akamgeukia mkewe. "Iko wapi?"

"Sijui," Kitinda akasema, na hili lilikuwa kweli tupu.

Makali akaisikia tena puani ile harufu ya mafuta yakiungua. Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, ilibaki kupita tu. Badala yake akacheka. "Labda panya wameibeba, shemeji. Panya wa siku hizi nao wanajenga."

Alicheka peke yake.

"Ameipoteza," mume akasema. "Niliogopa hilihili. Haya, mke wangu, msasa wako ule pale."

Kitinda hakubisha. Alivua aproni, akaikunja vizuri kama nguo ya mgeni, akaenda kuketi pembeni na mguu wa kiti, akaanza kusugua. Hakumtazama kaka yake hata kidogo. Angemtupia jicho kali, Makali angepata nafuu. Alitazama mikono yake, yote miwili mitupu bila malaika, akaona kama yuko uchi mbele ya watu. Akateremsha mikono ya shati.

"Mimi wateja wananingoja," akasema, akaishika baiskeli.

Mama yao alikuwa bado mlangoni. Hakusogeza miguu ampishe.

"Kitendawili," akasema.

"Mama, saa hizi jamani," mume akanung'unika.

"Kitendawili!"

"Tega," mume akajibu. Nani atabishana na mama mkwe?

"Asubuhi tumemnywa, sasa tunamtafuta uvunguni."

Mume akafikiri. "Maji?"

"Maji unayatafuta uvunguni?"

"Basi dawa."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua wowote, mama, hata huu tunaokaa."

"Na wewe, Kitinda?" Kitinda akatikisa kichwa, msasa haukusimama. "Na wewe, mnoaji?"

Mama alikuwa ameinamia ungo, anatoa jiwe moja, anatoa maharage yaliyotobolewa. Makali akaelewa kwamba alijua tangu mwanzo na alikuwa akimngoja. Hilo lilimchoma kuliko yote.

"Kabari," akasema. Sauti ilitoka ndogo, kama si yake. "Niliichoma. Nilichemshia chai. Na vikwangulio nilinoa mimi. Kitinda alinifunika tu."

Msasa ukasimama.

"Umekitegua," mama akasema, bila furaha, akasogeza miguu.

Makali hakutoka. Alingoja matusi, akayatamani kabisa. Shemeji alimgeukia, akaelekeza plasta yake kwa mkewe. "Utachonga kabari nyingine. Na atakayekuonyesha ni yeye, si mimi."

Kitinda akainuka. Ukutani kilining'inia kikwangulio cha zamani ambacho Makali hakukigusa, bado kina ulalo wake, ule mshazari wa mdomoni. Akaupaka ulalo ule wino wa kalamu nene, akakiegemeza kwenye kibaraza, akazungusha jiwe kwa mkono, pole pole, waone linagusa wapi.

"Angalia, kaka. Wino umetoka kisiginoni tu, mdomoni haukuguswa. Kibaraza kimelala mno. Inua."

Akainua.

"Sasa umetoka mdomoni tu. Umepitiliza. Wewe na mkono wako!"

Akashusha kidogo. Alichonga kabari, akaipachika, akaitoa, akaichonga tena, jasho linamdondoka, mdogo wake anapaka wino na kumkosoa kama mwanafunzi. Mwishowe wino ukatoka ulalo mzima, kote kote. Wakakaza nati. Wakawasha jiwe, wakapitisha chuma kwa wepesi, na ukucha ukasimama. Mkono wa Makali, kwa mazoea, ukakimbilia jiwe la maji.

"Acha!" Kitinda akampiga kofi mkononi.

Akaacha.

Bakuli halikurudi kuwa bakuli. Kitinda alikata ukingo ulioumia, akashuka nao, yakatoka maganda membamba yanayojikunja. Ikapatikana sahani pana, nzuri, lakini sahani. Mume alizungusha kidole ndani yake muda mrefu. Kisha akaitwaa ile aproni iliyokunjwa, akaitundika kwenye msumari wa mashine, kando ya ya kwake.

Kesho yake mtaani mama mmoja alipokea kisu chake, akasubiri madoido.

"Leo hunyoi?"

Makali akavuta mikono ya shati mpaka viganjani. "Kijaribu kwenye kitunguu, mama," akasema, akakanyaga pedali.