Karatasi Sitini za Baba

Chini ya picha ya baba, kaka yangu Radenko aliandika majina kumi na moja. Langu hakuliweka.

Mtu akifa huku kwetu, karatasi yenye ukingo mweusi hubandikwa kwenye nguzo, miti na vituo vya basi, na chini ya picha huandikwa wafiwa. Asiyeandikwa hakufiwa. Radenko aliandika mkewe, watoto wake, hata mama mkwe wake aliyemwona baba mara mbili tu. Mimi niliacha shule darasa la tano, nikamlisha baba kwa kijiko miaka tisa, lakini sikuwemo.

Mazishini nilimwuliza kwa sauti ndogo.

"Stamenka, usinianzishie," alisema. "Karatasi ilijaa. Na wewe unajali nini? Kusoma kwenyewe mpaka ufuate kwa kidole."

Wakwe zake wakacheka. Baadaye, nyumbani, mwanamke mmoja wa mjini alinipa koti lake nilitundike, akauliza nimefanya kazi za ndani pale tangu lini. Nikatundika koti. Mimi si mtu wa maneno. Lakini siku ya arobaini ilikuwa mbele yetu, na arobaini nayo huwa na karatasi yake ya kualika watu kaburini.

Nikaenda duka la picha kwa Desa.

"Wafiwa?" akauliza.

Nikamsogezea kikaratasi. Akakuta jina moja.

"Na Radenko?"

"Karatasi imejaa."

Desa alicheka hadi miwani ikamteleza. "Nikutolee ngapi, shoga?"

"Sitini."

Baba alikuwa kondakta wa basi miaka thelathini, na hakukuwa na bonde ambako hakujulikana. Radenko alikuwa amebandika mjini Prijepolje tu, pale alipopata pa kuegesha lile gari lake la kijivu. Mimi sina gari, hata baiskeli sijui. Nikapanda basi la alfajiri na ndoo ya gundi ya unga. Dereva, mzee Miloje, alifanya kazi na baba.

"Unakwenda wapi na uji wote huo?"

"Kila mahali baba aliposhusha watu."

Akanipokea ndoo. "Kaa mbele. Nitakusimamia."

Akasimama kila kituo. Nilishuka, nikapaka, nikabandika, naye akipiga honi: "Fanya haraka, mwanangu, kuna bibi hapa anawahi kung'olewa jino!" Tulipofika Brodarevo, yule bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa amenishikia ndoo.

Wiki mbili nilizunguka. Nilivuka mto Lim kwa madaraja ya kamba, nikapanda kwa miguu hadi vijiji ambavyo njia yake ni ya mbuzi. Nilipanda treni ya Bijelo Polje, ng'ambo ya mpaka wa nchi, nikashuka kwenye vituo vidogo ambako hakuna barabara, reli tu na mlima. Mpakani polisi alifungua mfuko wangu, akaitazama picha, akavua kofia.

"Huyu alinificha chini ya kiti siku nilipotoroka shule," alisema. "Niachie moja." Akaibandika kwenye kioo cha kibanda chake.

Sitasema uongo. Nilipokuwa napaka gundi sikumfikiria baba kila mara. Nilifikiria uso wa Radenko, nikapaka tena.

Siku ya arobaini mabasi mawili yalijaa watu, na wengine walitembea kutoka kituo cha treni. Walikuja na mishumaa na rakija, pombe yetu kali ya matunda, wakanishika mkono mmoja mmoja, nami nikawapa ngano ya kuchemsha, chakula cha arobaini. Radenko alisimama kando ya kaburi na suti yake. Hakuna aliyemwendea, ila ajuza mmoja kutoka mlimani.

"Na wewe, kijana, ulikuwa jirani wa marehemu?"

"Mimi ni mwanawe!"

"Mwanawe? Kondakta alikuwa na binti tu. Nimesoma mwenyewe."

Radenko alinijia akiwa mwekundu kama pilipili. "Ziondoe karatasi zile. Leo hii!"

"Siwezi, kaka. Nina wageni."

"Basi niambie ziko wapi, niziondoe mwenyewe."

Nikamtajia zote polepole, kwa vidole, kama ninavyosoma: ng'ambo ya daraja la kamba, juu kwenye kisima cha mbuzi, kwenye reli chini ya mlima.

"Gari halifiki huko, Radenko," mzee Miloje alisema nyuma yake, bado anatafuna ngano. "Basi langu linaondoka saa nane. Wahi kiti."

Watu wakacheka, na safari hii wakwe zake walitazama chini.

Saa nane kasoro nilimwona kituoni. Viatu vyake vilikuwa na matope, foleni nzima ikimtazama, naye anakwangua karatasi kwa ufunguo wa gari. Uso wa baba ulitoka vipande vipande. Chini, jina langu lilikataa kutoka. Pale nilikuwa nimepaka gundi mara tatu.